Rubani aliyerudi kwa sababu ya mshale

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Njiro aliyeandika wiki mbili zilizopita. Alieleza jinsi ndege ndogo aliyoipanda hapa Arusha kwenda Zanzibar ilivyoanza kukimbia, ghafla ikapunguza nguvu, ikafunga breki, ikageuka na kurudi maegeshoni. Abiria wakashushwa, wakakaa saa tatu na nusu kwenye mabenchi. Walipouliza, wakaambiwa mshale wa mwendo haukucheza. Kwa sababu hiyo ndugu yetu alikosa maziko ya shangazi yake, na kwa hasira akaandika kwamba rubani yule ni mwoga, kwamba gari lake mwenyewe lina miaka minne halina spidomita na hajawahi kupata ajali.

Kwanza nampa pole ya msiba. Kukosa kumzika shangazi ni jambo linalobaki moyoni, wala sitaki barua hii isomeke kama naudharau uchungu wake. Lakini mwishoni aliomba rubani achukuliwe hatua, na hapo ndipo nilipotafuta kalamu.

Mimi ni fundi wa ndege mstaafu. Nimeshika spana miaka 31, uwanja wa ndege wa Wilson pale Nairobi kwanza, kisha Zanzibar, na sehemu kubwa hapa Kisongo. Nimetengeneza ndege ndogo tu: Cessna 172, 182 na 206, Piper Cherokee, na miaka ya mwisho Caravan. Ndege kubwa nimeingia kama abiria, basi. Lakini huo mshale anaoulalamikia ndugu yangu nimeufungua, nimeupima na kuufuatilia mpaka mwisho wa mrija wake mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Spidomita ya gari inahesabu mzunguko wa magurudumu. Ikifa, macho yako yanaona miti inavyopita, masikio yanasikia injini, na hata ukikosea gari litabaki barabarani. Ndege inashikwa na upepo unaopita juu na chini ya mabawa. Upepo ukipungua kuliko kiasi chake, bawa linaachia, yaani haliibebi tena ndege. Cessna 172 ya miaka hii, mabawa yakiwa hayajateremshiwa vibao vya nyuma, huachia kwenye noti 48 hivi, yaani maili 48 za baharini kwa saa, na rubani huinua gurudumu la mbele kwenye noti 55. Tazama jinsi namba hizo mbili zilivyo jirani. Kati ya rubani na kuanguka kuna noti saba, na anayemwambia yuko upande gani ni huo mshale. Ukiwa angani miti haipiti kando yako. Kuna mawingu, na mlima uko mbali.

Sasa mshale unapataje habari? Ukisimama kwenye uzio wa uwanja ukaitazama Cessna, chini ya bawa la kushoto utaona kimrija kilichokunjwa, ncha yake inatazama mbele. Huo ndio mrija wa pito. Umeitwa kwa jina la Mfaransa Henri Pitot, mhandisi wa maji, ambaye mwaka 1732 alizamisha mrija wa kioo uliopinda katika mto Seine pale Paris, tundu likielekea mkondo unakotoka, akaona maji yanapanda ndani ya mrija kwa kadiri mto unavyokwenda kasi. Vijana niliowafundisha kazi niliwapeleka kwenye mfereji wa kumwagilia migomba na kipande cha mpira wa plastiki unaoonyesha. Maji yakienda mita 1 kwa sekunde hupanda sentimita 5. Yakienda mita 2 kwa sekunde hupanda sentimita 20, si 10. Mwendo ukizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne. Kijana akishaona hilo kwa macho yake hasahau, na sijaona kitabu kilichomfundisha mtu haraka kama mfereji ule.

Ndege inafanya vilevile, ila badala ya maji ni hewa. Hewa inayosukuma kwenye tundu la pito inapita kwenye mrija mwembamba ndani ya bawa, inashuka hadi nyuma ya dashibodi, inaingia kwenye kiputo cha bati jembamba ndani ya geji. Kiputo kinavimba, vigurudumu vidogo vinazunguka, mshale unapanda. Upande wa pili geji inapokea hewa tulivu kutoka kwenye tundu jingine lililo ubavuni mwa ndege, tunaloliita stetiki, ili ilinganishe hewa inayosukuma na hewa iliyotulia. Tundu hilohilo la stetiki linailisha pia altimita, yaani geji ya urefu wa kwenda juu, na geji ya kupanda na kushuka. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Msukumo wenyewe ni mdogo mno. Kwenye noti 100 usawa wa bahari, hewa inasukuma kwa nguvu ya safu ya maji ya sentimita 16 na nusu. Kwenye noti 50 ni sentimita 4 tu, upana wa vidole viwili. Maisha ya abiria kumi na rubani wao yanategemea vidole viwili vya maji. Ufa kwenye mpira usioweza kupitisha hata uzi unatosha kuudanganya mshale. Tone la maji lililokaa kwenye mkunjo wa mrija baada ya mvua ya usiku linatosha kuufanya utetemeke kama mgonjwa wa homa.

Na nyigu anatosha.

Nisimulie. Ilikuwa Februari, miaka ya tisini inaelekea ukingoni, kiangazi kikali. Kampuni niliyokuwa naifanyia kazi ilikuwa na Cessna 206 iliyokuwa imelala uwanjani tangu Ijumaa mchana. Kifuniko cha pito, kile kimfuko chenye utepe mwekundu unaoning'inia, kilikuwa kimepotea wiki iliyotangulia kwenye kiwanja kimoja cha porini. Nilikwisha kuandika kwenye daftari kwamba kinahitajika kingine. Hakikununuliwa. Jumatatu asubuhi kijana mmoja, rubani aliyekuwa na leseni yake miezi michache tu, akapakia watalii watano na mizigo yao. Marubani wana desturi: ndege ikiwa inakimbia, wanautupia jicho mshale, na ukiamka wanatamka kwa sauti kwamba kasi iko hai. Kijana yule alitazama, mshale umelala kwenye sifuri. Injini inavuma vizuri, njia ndefu iko mbele, bosi yuko dirishani anatazama. Akavuta nguvu nyuma, akasimamisha, akarudi.

Bosi alimkuta kabla propela haijasimama. Sitarudia maneno aliyoambiwa mbele ya wageni. Mimi nilikwenda moja kwa moja chini ya bawa, nikamulika tochi ndani ya tundu. Nilitarajia kuona weusi wa tundu, nikaona kahawia. Udongo mkavu, umelainishwa mdomoni kama kazi ya mfinyanzi. Nyigu wadogo wanaotafuta vitundu vya kutagia walikuwa wameona nyumba ya bure. Nilipoufungua mrija mezani, nyuma ya ule udongo nilikuta buibui watatu wadogo, wamelegea bila kufa, chakula alichomwekea mwanawe ambaye hajaanguliwa. Kazi ya siku tatu, labda ya siku moja. Nilimwita kijana, nikamwonyesha. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, kwa hiyo sikukosea?" Nikamwambia hakukosea. Ni mimi peke yangu niliyemwambia hivyo siku ile, na miezi miwili baadaye alikuwa ameshaacha kazi pale.

Laiti angeendelea, nini kingetokea? Hapa ndipo wengi hawaelewi, hata baadhi ya wenye ndege. Watu wanadhani mshale uliokufa utabaki umekufa. Pito ikiziba kabisa, ile hewa iliyofungiwa ndani ya mrija haina pa kutoka. Ndege inavyopanda, hewa ya nje inapungua uzito, na ile iliyofungiwa inabaki vilevile, basi kiputo kinavimba na mshale unapanda. Unapanda kwa sababu ya urefu, wala hauna habari na mwendo. Rubani anaona noti 90, 110, 130. Anadhani anakwenda kasi mno, anainua pua apunguze. Pua ikiinuka, mwendo wa kweli unazidi kushuka, na ndege inazidi kupanda, na mshale unazidi kumdanganya. Anavuta hadi bawa linaachia.

Hayo nayaeleza kwa kuwa yalikwisha kutokea kwa watu waliokuwa na uzoefu kuliko kijana wetu. Tarehe 6 Februari 1996, pale Puerto Plata katika Jamhuri ya Dominika, Boeing 757 ya kampuni ya Birgenair iliruka usiku. Rubani mkuu aliona mapema, magurudumu yakiwa bado ardhini, kwamba mshale wa upande wake haufanyi kazi. Wa msaidizi wake ulikuwa mzima. Akaendelea. Walipokuwa wanapanda, mshale wake ukaamka, ukasoma mwendo mkubwa hadi noti 350 hivi wakati ndege yenyewe inazidi kupoteza mwendo. Ndege iliachia ikaanguka baharini dakika chache baada ya kuondoka. Walikufa watu wote 189. Wachunguzi waliona chanzo kinachoelekea zaidi ni uchafu wa mdudu mdogo uliokuwa umeziba pito wakati ndege imeegeshwa. Ndege kubwa, mishale zaidi ya mmoja, marubani wenye maelfu ya saa.

Mwaka huohuo, tarehe 2 Oktoba, 757 nyingine, ya Aeroperú, iliondoka Lima usiku. Iliooshwa, na aliyeiosha alikuwa amebandika utepe wa gundi kwenye matundu ya stetiki maji yasiingie, kisha haukubanduliwa. Nilisema nitalirudia tundu la stetiki: likiziba, geji tatu zinaugua kwa pamoja. Altimita inaganda, geji ya kupanda inakaa sifuri, na mshale wa mwendo unasoma chini ukipanda, unasoma juu ukishuka. Marubani wale waliamini wako juu angani, kumbe wako karibu na maji. Walikufa watu wote 70. Tangu nisome habari ile, karakana yoyote niliyofanya kazi, aliyebandika utepe kabla ya kuosha ndege alitumia wa rangi kali inayoonekana kutoka mbali, na mimi binafsi niliuhesabu ukiwekwa na kuuhesabu ukitolewa.

Ndugu yangu wa Njiro analalamikia saa tatu na nusu. Nimweleze zinakokwenda.

Fundi asiye na subira anavuta mpira wa kompresa, anaupachika kwenye pito, anapuliza. Nimemshika kijana mkono mara mbili maishani akitaka kufanya hivyo. Geji imetengenezwa kuhisi sentimita chache za maji, wewe unailetea hewa ya kujazia tairi la lori. Kiputo kinapasuka au kinapinda kisirudi tena, na uchafu unasukumwa ndani zaidi. Hata kupuliza kwa mdomo ni kosa, maana pumzi ina maji na ina nguvu kuliko unavyodhani. Inabidi dashibodi ifunguliwe, mipira yote itolewe nyuma ya geji, mrija wa pito ushushwe kutoka kwenye bawa usafishwe mezani, kisha hewa ndogo ipulizwe kutoka upande wa geji kwenda nje, uchafu utoke ulikoingilia. Halafu unarudisha kila kitu, na kila kiungio ulichokigusa sasa ni kiungio kinachoweza kuvuja. Kwa hiyo unapima.

Kipimo changu cha akiba nilikitengeneza kwa ubao, mpira wa plastiki uliopindwa umbo la herufi U, na maji niliyoyatia wino. Unauunga na pito, unakunja mpira mwingine taratibu kama unayekunja mkeka mpaka geji isome noti 100, tofauti ya maji pande mbili iwe sentimita 16 na nusu. Unabana. Unatazama saa. Mshale ukikaa, mrija ni mzima. Mshale ukianza kushuka, kuna mahali panavuja na kazi ndiyo kwanza inaanza. Ukiwa na mashine halisi ya kupimia ni bora zaidi, na kwa kusaini karatasi za ndege lazima uwe nayo, lakini ubao ule umeniambia ukweli mara nyingi kabla mashine haijafika.

Kuna 206 nyingine iliyonifundisha kuuliza kabla ya kufungua. Marubani watatu walilalamika kwa nyakati tofauti kwamba inasoma chini. Bosi wa kampuni ile (sikuwa tena kwenye ile ya kwanza) akaagiza geji mpya, bei ya ng'ombe wawili wa maziwa. Ikafungwa. Ikasoma chini vilevile. Akasema tuiache, mbona kusoma chini ni salama, rubani atakwenda kasi zaidi kuliko anavyodhani. Hilo si kweli kwenye viwanja vyetu vifupi vya nyasi. Rubani anayetua kwenye noti 75 huku anaamini ni 65 ana theluthi moja zaidi ya nguvu ya kusimamisha. Ndege inaelea, inagoma kukaa chini, breki zinaungua, na mwisho wa kiwanja kuna korongo.

Nilimkalisha rubani mmoja kwenye kreti ya soda nikamhoji. Inasoma chini mwendo wote, au ukipanda tu? Mwendo wote. Altimita inasemaje? Iko sawa. Geji ya kupanda? Sawa. Basi stetiki ni nzima, tatizo liko upande wa pito. Tulipotaka kujua inadanganya kiasi gani, aliruka futi 7,500, akaenda moja kwa moja na upepo, GPS ikasoma 150, akageuka akarudi njia ileile kwa nguvu ileile, ikasoma 126. Katikati yake ni 138. GPS inapima mwendo juu ya ardhi, ndiyo maana lazima uende na kurudi upepo ujifute. Na kwa kuwa juu hewa ni nyepesi, mshale husoma pungufu ya mwendo wa kweli kwa asilimia 2 hivi kila futi 1,000, kwa hiyo ulipaswa kusoma karibu 120. Ulisoma 105. Noti 15 zimepotea njiani.

Kisha nikauliza swali ambalo sasa naliuliza la kwanza: ilianza lini, na kabla ya hapo nani aliigusa ndege? Akafikiri. Ilianza baada ya kufungwa redio mpya. Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa chini ya dashibodi na kioo kidogo cha kunyolea. Nyuma ya redio, mpira wa pito ulikuwa umesukumwa pembeni ukakunjika kwenye ukingo wa bati, na kwenye mkunjo, upande usioonekana, kulikuwa na ufa wa urefu wa punje ya mchele. Kipande kipya cha mpira kiligharimu chini ya chupa ya soda. Niliupima na ubao wangu, mshale ukakaa kwenye 100 dakika nzima bila kutikisika, na sioni haya kusema nilishukuru Mungu kwa sauti.

Yote hayo yanachukua saa tatu na nusu ikiwa mambo yamekwenda vizuri. Fundi aliyewarudisha ninyi angani mchana uleule alifanya kazi nzuri.

Naomba pia niseme na wenye ndege, maana najua baadhi wanasoma gazeti hili. Kifuniko cha pito kivalishwe kila ndege inapozimwa, hata ikisimama saa moja kusubiri wageni wale chakula. Nyigu hasubiri jioni. Kule Brisbane, Australia, aina moja ya nyigu mgeni aliwasumbua hadi wataalamu wakawekeza muda kumchunguza pale uwanjani, na mashirika makubwa yanafunika pito hata kwa vituo vifupi. Lakini mjue kifuniko nacho kinaua kikisahauliwa: uwanja huohuo wa Brisbane, Julai 2018, Airbus ya Malaysia Airlines iliruka na vifuniko vyake vikiwa vimevalishwa, ikarudi salama kwa shida. Ndiyo maana ya utepe mwekundu mrefu. Wala msivalishe soksi au mfuko wa rambo. Nimeona yote mawili. Soksi inashika maji, na mfuko hauonekani mpaka umechelewa. Na fundi akiandika kwenye daftari kwamba kifuniko kimepotea, kinunuliwe siku hiyo.

Marubani vijana, mnapozunguka ndege asubuhi, inameni mtazame ndani ya tundu. Kuligusa kwa kidole hakutoshi. Na mkiwa tayari hewani mshale ukaanza vituko, msiufuate. Wekeni pua pale mnapoiweka siku zote, nguvu ya injini pale mnapoiweka siku zote, ndege itakwenda mwendo wake wa siku zote. Kama altimita nayo imeganda, fungueni stetiki ya akiba iliyo ndani. Itasoma juu kidogo, lakini itasoma.

Na ninyi mnaoishi jirani na viwanja vya porini, waambieni watoto. Nimewahi kutoa bua la nyasi ndani ya pito ya ndege iliyolala kiwanja kimoja cha wafugaji, limesokomezwa vizuri kabisa na mtoto aliyekuwa anacheza. Mrija ule uko usawa wa mkono wa mtu mzima, unavutia kushikwa, na wapo abiria walioutundikia mkoba wakati wanapiga picha. Ukipinda hata kidogo haupokei tena hewa inavyopaswa.

Nirudi kwa ndugu yangu wa Njiro. Rubani wako aliuona mshale umelala wakati gurudumu bado liko ardhini na njia bado iko mbele. Huo ndio wakati pekee ambapo tatizo hili linamalizwa kwa breki. Alikuwa na abiria wenye haraka, kampuni yenye ratiba, na injini inayovuma vizuri inayomwambia aende. Akasimama. Badala ya barua ya kuomba achukuliwe hatua, mimi ningeomba jina lake lisomwe mbele ya wanafunzi wa urubani.

Yule kijana wa Februari ile sijui yuko wapi leo. Ule udongo niliutoa mzima, nikauweka na buibui wake katika kichupa cha dawa ya macho, na ninacho mpaka sasa kabatini. Umepungua kidogo, umekuwa unga pembeni, lakini tundu la pito bado linaonekana umbo lake. Kama ndugu yangu akipenda kuja Kisongo kukiona, mhariri anayo namba yangu ya simu. Nitamkaribisha kwa chai, na nitapenda pia kusikia habari za shangazi yake.

Fundi wa ndege mstaafu,
Kisongo, Arusha.